El Museo del Barrio ni ya nani: Wapuerto Rico au Walatino wote?

Kipanga: Wadau, hii makumbusho ya hapa New York ilianzishwa 1969 na Wapuerto Rico (watu wa kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani) wa mtaa wa East Harlem, watoto wao wapate kuona sanaa ya kwao. Ilianzia kwenye darasa la shule, ikahamia vyumba vya maduka, 1977 ikaingia Fifth Avenue. Leo ukuta mmoja Meksiko, mwingine Brazili. Naona wenyewe wamepokonywa.

Bint Saidi: Na nani? Nenda 116th Street, humohumo East Harlem, uone Wameksiko walivyojaa. Walipe kodi halafu waambiwe hapa si penu?

Kipanga: Dada, kodi haijachora hata picha moja pale.

Mzee Ngwale: Wageni wanagombania jengo la jiji. Hii kali!

Rumba wa Bronx: Wageni?? Mpuerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917. Hapangi foleni ya viza. Wageni ni sisi, mzee wangu.

Mzee Ngwale: Kijana, nina pasi ya bluu ya Marekani, usinivue uraia hadharani. Na raia gani asiyempigia kura rais?

Rumba wa Bronx: Wa kule kisiwani Puerto Rico ndiye hapigi. Akihamia Bronx, hapa New York, akajiandikisha, anapiga kama wewe.

Mwalimu Tunu: Mnajua mwanzilishi wake, Raphael Montañez Ortiz, ndiye yule msanii wa kupasua piano kwa shoka? Anaita sanaa.

Bint Saidi: Shoka! Kwaya yetu inachangishana mwaka wa pili sasa tupate kinanda.

Kipanga: Jamani, mada. Mwaka 2019 wasanii na wasomi waliandika waraka kulalamika kwamba jamii ya mtaani imesahauliwa. Si mimi peke yangu.

Bint Saidi: Wasomi hao wanaishi mtaani? Kodi ya nyumba pale unaijua?

Kipanga: Umehama tena.

Mzee Ngwale: Rumba, hujanijibu. Huyo wa kisiwani vitani alikuwa anapelekwa?

Rumba wa Bronx: Alipelekwa. Walianza kuandikishwa jeshini kwa lazima tangu Vita ya Kwanza ya Dunia.

Mzee Ngwale: Bunduki apewe, kura anyimwe? Huo uhuni.

Rumba wa Bronx: Si ndiyo ninachosema tangu asubuhi!

Mzee Ngwale: Hukusema hivyo. Uliniita mgeni.