Fizi zinatoka damu mwaka wa pili sasa, kinga ya mwili inashindwaje na bakteria wa mdomoni?

Mtu wa Ujiji: Habari zenu wakuu. Fizi zangu mwaka wa pili huu zinatoka damu, asubuhi nikipiga mswaki nikitema povu linakuwa la pinki, juzi nimeng'ata hindi la kuchoma likabaki na damu. Nimekunywa antibayotiki za duka la dawa, nikapata nafuu, wiki tatu mbele yale yale. Sukari nimepima sina. Sasa kidonda cha mguuni kinapona chenyewe, hawa wa kwenye fizi mwili unawaachaje miaka miwili?

Maabara_Kasulu: Pole sana ndugu yangu. Mwili haujawaacha, unapigana nao kila siku na hapo ndo shida ilipo. Kuna bakteria anaitwa Porphyromonas gingivalis, huyu anatoa vimeng'enya vinaitwa jinjipaini, chukulia ni mikasi. Kwenye damu tuna protini za kinga ambazo kazi yake ni kumganda bakteria ili seli nyeupe zimjue zimmeze, yeye anazikatakata, hata kingamwili anazikata. Ila kuna protini moja, C5, akiikata kinatoka kipande ambacho kinaita seli nyeupe. Utashangaa kwa nini aite askari wa kumkamata mwenyewe, ni kwamba wakifika anawavuruga mawasiliano ya ndani, wanashindwa kummeza lakini vurugu ya uvimbe inaendelea, nyama ya fizi inachakaa, damu inavuja, na yeye chuma anachokihitaji anakipata humo humo kwenye damu. Yaani uvimbe ndo shamba lake. Halafu anaingia mpaka ndani ya seli za fizi anajificha.

Na hahitaji kuwa wengi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwa panya kwamba wachache tu wanatosha kuwavuruga bakteria wengine wa kawaida mpaka mfupa wa meno ukaliwa, wakati panya wasio na bakteria wengine kabisa mfupa wao ulibaki salama.

mama wawili TBR: Mimi ni tabibu wa meno huku Tabora, naongezea kwa aliyeuliza. Kaka, vidonge peke yake havitoshi kwa sababu hao wanaishi kwenye utando ulioshika jino, na ule ugaga mgumu chini ya ufizi mswaki haufiki. Nenda ukapimwe, tunaingiza kifimbo chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, 1 mpaka 3 ni kawaida, ikifika 4 na damu inatoka hapo pameshaanza kuwa mfuko. Dawa yake ni kukwanguliwa mpaka chini. Na usiache kupiga mswaki eti kwa sababu panatoka damu, wengi wanakosea hapo, wanaparuka panapouma na utando unazidi.

Mtu wa Ujiji: Asante sana dada, na wewe mkuu wa Kasulu. Kweli upande wa kushoto nilikuwa naparuka. Jumatatu naenda kukwanguliwa, nitarudi kuwaambia wamepima milimita ngapi.