Suti ya Jumatatu

*Kikundi: Wa Tandika 🏠*

Mama Mdogo (Dublin): Jamani mmelala? Leo nimepiga stori na mama mkwe mpaka chai imepoa mara mbili. Si mnajua hataki pombe iingie kwake hata krismasi, mi nikajua ulokole tu kumbe baba ake alikuwa mlevi

Junior: mlevi wa kizungu 😂 si ndo wale wa wine mezani na kitambaa

Mama Mdogo (Dublin): Wine wapi we mtoto. Kuli wa bandarini, miaka ya 50. Asubuhi wanaume wanasimama msimamizi anaita majina, usipoitwa unarudi kwako. Familia nzima chumba kimoja, kwenye majumba ya matajiri wa zamani yakageuzwa ya kupangisha chumba chumba. Lipo moja Henrietta Street namba 14 sasa makumbusho, sensa ya 1911 ilikuta watu 100 humo

Mjomba: Mia?? Manzese ina nafuu

Mama Mkubwa: Sasa siku akiitwa kazini hela si ipo

Mama Mdogo (Dublin): Ipo mpaka Ijumaa jioni dada. Mama yao anamtuma yeye, miaka 8, akasimame mlango wa baa, maana baba akimwona mwanae pale anaona haya anatoa chochote. Akichelewa kidogo tu imeshakuwa Guinness ya watu sita, kule mnanunuliana kwa zamu na ukiondoka kabla zamu yako haijafika utaitwa bahili mpaka kufa. Tena enzi za babu yake makuli walilipwa humohumo baa, James Larkin wa chama cha wafanyakazi alipigana sana na hilo, yule mwenye sanamu O'Connell Street kanyoosha mikono juu niliwatumia picha

Junior: nilijua anaomba mvua

Mjomba: Serikali je?

Mama Mdogo (Dublin): Posho ya watoto ilianza 1944 ila mwenye haki nayo ni BABA. Mama akaichukue posta mpaka baba amsainie. Akina mama wamekuja kupewa kwa haki yao 1974, mkwe wangu mwenyewe keshazaa

Mama Mkubwa: 🙆🏾‍♀️ mlevi ndo mweka hazina

Bibi: Alikuwa anapiga?

Mama Mdogo (Dublin): Hapana mama, akilewa anaimba, anawaamsha wote usiku anawaahidi viatu. Mtaa mzima unampenda. Mama ndo alionekana mkali coz yeye ndo wa kusema hela hakuna, na yeye ndo kila Jumatatu anaipeleka suti ya mume bondi wale, Jumamosi anaikomboa ili Jumapili aende nayo misa, mume kapendeza huyo

Mjomba: Hapo kwenye kuahidi viatu naona mmenilenga

Bibi: Sijakutaja mie. Umejitaja.

Junior: 😂😂 mjomba pole. Suti iliishia wapi?

Mama Mdogo (Dublin): Kafa katikati ya wiki, suti iko bondi. Majirani wakachanga ikombolewe azikwe nayo, mama akakataa. Kule zamani maiti walikuwa wanavishwa joho la kahawia kama la watawa, akazikwa na hilo. Mchango akanunua viatu jozi nne. Vya mkwe vilimbana mnoo, anasema alitembea navyo hivyohivyo mpaka makaburini

Bibi: Mpe salamu zangu huyo mwanangu.