Kaburu au Mwingereza: nani hasa alimfungia Mwafrika mlango kule Afrika Kusini?

Mchokonozi
Wadau, salaam. Tangu shule ya msingi tumelishwa kwamba mbaya wa Afrika Kusini ni Kaburu, Mwingereza alikuwa pembeni anakunywa chai. Nakataa. Mei 31, 1902, mkataba wa Vereeniging uliomaliza vita ya Kaburu na Mwingereza: Kaburu kashindwa, mashamba yamechomwa, hana pa kushika. Mshindi angeweza kudai chochote. Lakini kifungu cha nane cha mkataba kikasema suala la kura ya Mwafrika lisiamuliwe mpaka makoloni yale, yaliyokuwa nchi za Makaburu, yapate serikali ya ndani. Yaani fisi ndiye apange zamu ya kulinda mbuzi! Na juu yake wakapewa pauni milioni 3 za kujijenga upya. Mweusi aliyewapelelezea na kuwabebea mizigo Waingereza vita nzima alipata nini?

Kiberenge
Mkuu, mpe mtu haki yake. Mwingereza ndiye aliyefuta utumwa Cape, koloni lake kule kusini, 1834 kama sikosei, na hilo ni moja ya mambo yaliyowafanya Makaburu wafunge magari ya ng'ombe wakakimbilia bara. Bila yeye leo Lesotho na Botswana zingekuwa majimbo tu ya Afrika Kusini. Halafu tusijifanye malaika, Waafrika wenyewe tulisalitiana. Sekhukhune, mfalme wa Wapedi, alivunjwa 1879 na Waingereza wakiwa na maelfu ya Waswazi. Hilo nalo ni la Kaburu?

Binti Msambweni
Nimefika kwenye "tulisalitiana" nikaweka simu chini kwanza. Kaka Kiberenge, alisalitiwa nani? Mswazi na Mpedi walikuwa falme mbili zenye ugomvi wao. Mfaransa akipigana na Mjerumani, mbona hamsemi Wazungu wamesalitiana? Kwetu tu ndiyo kila vita inaitwa usaliti.

Kiberenge
Dada, punguza povu. Nimetaja historia, sijamtukana mtu.

Binti Msambweni
Umeitaja nusu. Wapedi hao hao waliwashinda Makaburu 1876. Mwingereza akaichukua Transvaal, nchi ya Makaburu hao, mwaka uliofuata, akaenda kumaliza kazi iliyomshinda Kaburu. Hiyo nusu mbona umeimeza?

Mwalimu wa Zamu
Wanangu, taratibu. Hiyo hadithi ya Lesotho kuokolewa inasimuliwa kirahisi mno. Ni kweli Moshoeshoe, mfalme wa Wasotho, aliomba ulinzi wa Mwingereza akapewa 1868. Lakini ardhi nzuri ya nafaka, ng'ambo ya mto Caledon, ilibaki mikononi mwa Makaburu wa Free State, nchi yao nyingine, na iko huko hadi leo. Kisha Wasotho wakakabidhiwa kwa serikali ya Cape, ambayo 1880 ikataka wasalimishe bunduki. Wakakataa, wakapigana, Cape ikachoka, na 1884 London ikalazimika kuwachukua moja kwa moja. Ulinzi wenyewe waliutetea kwa bunduki zile walizotakiwa kuzitoa.

Botswana ndiyo kabisa. Machifu wa Watswana, Khama, Sebele na Bathoen, walipanda meli kwenda Uingereza 1895 kwa sababu Mwingereza mwenyewe alitaka kuwakabidhi kwa kampuni ya Rhodes, yule tajiri na mwanasiasa Mwingereza wa Cape. Kaburu hakuwemo.

Kitasa
Mwalimu kafunga kazi. Ila Wakenya wasichangie hapa, wao ndio waliowakaribisha Makaburu Eldoret 😂

Sisibo
Nani aliwakaribisha? Walishuka Mombasa 1908 na magari yao, wakapanda mpaka Uasin Gishu kwenye ardhi aliyokuwa akiigawa Mwingereza. Wazee wetu hawakuulizwa kitu. Na nyinyi wa Arusha msijitie hamnazo. Mjerumani aliwapa Makaburu mashamba upande wa Meru kabla hawajafika kwetu, na wengine walivuka mpaka kutoka huko kwenu. Mlituletea nyinyi!

Kitasa
Angalau kwetu hawakukaa wakajenga mji.

Sisibo
Wewe bana. Kwa hiyo kosa letu ni kuwa na mji?

Mchokonozi
Jamani, mada ni kifungu cha nane.

Fundi Saa
Mada nyie mmeanza kwa kumwonea Kaburu huruma. Hatujafika 1948, ubaguzi wa apartheid ulipoanza, mnataka kumsafisha.

Mchokonozi
Nimemsafisha wapi? Nakwambia walikuwa wawili.

Fundi Saa
"Kaburu kashindwa, hana pa kushika." Maneno yako hayo.

Kiberenge
Kusema kweli Kaburu naye aliumia. Kwenye zile kambi ambamo Waingereza waliwafungia familia za Makaburu wakati wa vita walikufa kama elfu 28, wengi watoto.

Binti Msambweni
Na Waafrika waliofungiwa kambi zao peke yao? Waliorekodiwa tu ni zaidi ya elfu 14. Emily Hobhouse, mwanamama Mwingereza mtetezi, alipopiga kelele kule Uingereza, kelele zilikuwa za watoto wa Kaburu. Wetu hata kuhesabiwa ilikuwa kwa bahati.

Mwalimu wa Zamu
Fundi, kama unadhani ni Kaburu peke yake, nieleze Natal 1906. Lile lilikuwa koloni la Waingereza. Kodi ya kichwa ya pauni moja, chifu Bambatha akainuka, maelfu ya Wazulu wakauawa. Sheria ya Glen Grey ya 1894, ya kuwabana watu waende kutafuta vibarua, ni ya Rhodes. Na 1909 viongozi Jabavu, Rubusana na Abdurahman walifika London pamoja na mwanasiasa mzungu Schreiner kuwasihi wabunge wasiipitishe katiba ya Muungano wa Afrika Kusini yenye ubaguzi. Ikapita. Sheria ya Ardhi ya 1913, iliyowabakizia weusi kama asilimia 7 ya nchi, ililetwa na bunge hilo hilo lililozaliwa London.

Fundi Saa
Waziri Mkuu 1913 alikuwa Botha. Botha ni nani? Jenerali wa Makaburu. Nimemaliza.

Mchokonozi
Na aliyemkabidhi usukani? Hata Smuts, jenerali mwingine wa Makaburu, 1902 ni adui wa Mfalme, 1916 anaingia Moshi akiongoza jeshi la Mfalme. Ni miaka 14 tu. Wenyewe walishapatana, sisi ndio bado tunagombana kwa niaba yao.

Kitasa
Smuts aliingia Moshi akitokea wapi vile? Kenya. Sijasema kitu.

Sisibo
Alikuja kumfukuza Mjerumani wenu. Na wale Makaburu wa Meru mbona hujawajibia?