Vitunguu vya tulipu kutoka Uholanzi, vitachanua Tanga?

Mama Nuru, Chumbageni
Habari zenu wapenda bustani. Wifi yangu anaishi Uholanzi, amekuja likizo na mfuko wa vitunguu vya maua ya tulipu. Anasema kwao vinachanua Machi na Aprili, baridi ikianza kuondoka, miti mingine bado haijatoa majani. Nimevipenda mno. Uwanja wangu mdogo, mchanga mtupu: upande wa jikoni jua kali, upande wa pili kivuli cha mwembe. Nivipande na hizi mvua za vuli au ningoje masika?

Mtanga wa Hamburg
Dada, usivifukie kwanza. Huku hupandwa kabla ya baridi ili vilale ardhini majira yote hayo, maana bila baridi bua halirefuki. Vinataka wiki 12 hadi 16 za nyuzijoto kama 5 hadi 9. Ukitaka kujaribu, vitie kwenye mfuko wa karatasi uweke chini kwenye friji, si kwenye friza. Ndizi na maembe yatoe humo, kwani tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini inayoua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Ila kwa hesabu hiyo utavipanda Januari au Februari, na joto la Tanga la miezi hiyo unalijua. Hata vikichanua, ua halitadumu.

Bi Mkubwa, Raskazone
Mama Nuru mwanangu, vya wifi vitie kwenye friji kama alivyosema ndugu yetu, lakini bustani yako isivingoje. Pwani nayo ina vitunguu vyake, ila vya kwetu huamshwa na mvua. Litafute lile ua jekundu la duara la vichakani, wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Kiangazi huoni kitu, ardhi tupu. Mvua zikianza, linasukuma bua nene, chini lina madoadoa ya zambarau iliyoiva. Majani hayajakunjuka vizuri, kichwa kimeshafunguka: viua vyembamba hata 200 pamoja, kila kimoja na nyuzi zake nyekundu zenye chavua ya manjano nchani. Mimi likitoka naacha kufagia, nakaa kulitazama.

Lipande chini ya mwembe. Changanya mchanga na samadi iliyooza sawasawa, shingo ya kitunguu iache usawa wa udongo. Majani yakishanyauka, acha kabisa kumwagilia. Hapo ndipo watu wanaviua: wanavionea huruma kiangazi, wanamwaga maji, vinaoza. Ukavu huo kinauhitaji kama tulipu inavyohitaji baridi.

Upande wa jikoni weka asumini. Ipogoe kabla ya mvua, maana maua yake huja kwenye machipukizi mapya. Vitumba uchume jioni vikiwa vimefumba, usiku vinafunguka vyenyewe, na kikuba chako kinanukia mpaka asubuhi. Mlangilangi wa kawaida usiuweke, ni mti mkubwa, utafunika uwanja wote.

Mkulima wa Pangani
Niongeze moja, Bi Mkubwa. Hilo jekundu lina sumu, mbuzi wasilifikie wala watoto wasichezee kitunguu chake. Na ukiletewa lile linalotambaa kwa ncha za majani, petali nyekundu na manjano zimepinda kwenda juu, hilo ni Gloriosa. Kiazi chake kimeshaua watu waliodhani ni cha kula. Lisikae karibu na viazi vyako.

Mama Nuru, Chumbageni
Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni nyote. Kaka, mbuzi wa jirani huwa wanaingia, nitaziba uzio kwanza. Sasa hilo jekundu nikachimbe porini?

Bi Mkubwa, Raskazone
Marahaba mwanangu. Ya porini yaache yalipo. Vyangu vimezaa vitoto vingi, lakini sasa vina maua, sivigusi. Njoo kiangazi majani yakishakauka, nitakuchimbulia. Uje na gazeti la kuvifungia, mfuko wa plastiki unavitoa jasho.