Kubadili jinsia kwenye cheti cha kuzaliwa: tunafuta historia au tunasahihisha kitambulisho?

Mleta mada
Wakuu, leo tubishane bila matusi. Mtu aliandikishwa mtoto wa kiume, akakua na anaishi kama mwanamke, au kinyume chake. Je, sheria imruhusu abadilishiwe cheti cha kuzaliwa? Kwa masharti gani?

Natangulia na msimamo wangu nisije nikaambiwa najificha. Karatasi hii moja tumeibebesha kazi mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu: tarehe fulani, mahali fulani, alizaliwa mtoto, mama yake fulani. Ya pili ni ufunguo: pasipoti, ndoa, pensheni, vyote vinaanzia hapo. Wanaokataa mabadiliko wanalinda kazi ya kwanza, wanaoyadai wanalilia ya pili, ndiyo maana hatusikilizani.

Uingereza walilijua hili kwa taabu. Mwaka 1970, katika kesi ya Corbett, mahakama ilisema jinsia inayohesabika kwenye ndoa ni ya maumbile aliyozaliwa nayo mtu, basi. Baadaye akaja Christine Goodwin, anayeishi kama mwanamke huku mafaili ya serikali yakimsoma mwanamume. Wanawake walistaafu na miaka 60. Yeye alitakiwa kuendelea kuchangia mpaka 65. Akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, akashinda Julai 2002, na mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya kutambua jinsia. Angalieni ilivyofanywa: anayekubaliwa hupewa cheti kipya, lakini ukurasa wa awali kwenye rejista hauchanwi. Unabaki, umefungwa. Na mimi nimesimama hapo hapo.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, umepanga maneno vizuri, ila cheti kinasema "kuzaliwa". Siku ile hakuzaliwa msichana. Serikali ikiandika kwamba alizaliwa msichana, imedanganya kwa muhuri. Mpeni kitambulisho kingine, hata pasipoti. Cheti kiacheni.

Mleta mada
Hoja nzito, siipuuzi. Lakini mtazame mtoto wa kuasili. Marekani, mtoto akishaasiliwa hutolewa cheti kipya chenye majina ya wazazi wanaomlea, kana kwamba ndio waliomzaa. Sijasikia mtu akiita ule ni uongo wa serikali. Tunakubali kwa sababu tunajua kumbukumbu ya asili ipo, imehifadhiwa.

Halafu sheria hizi zina mipaka yake. Freddy McConnell wa Uingereza, aliyezaliwa mwanamke akatambuliwa mwanamume kisheria, alijifungua mtoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikasema kwenye cheti cha mtoto ataandikwa mama. Chake ni chake, cha mtoto ni cha mtoto.

(Pembeni kidogo: Kiswahili hakina ugomvi huu. "Amekuja" ni amekuja, awe nani. Ni kisanduku cha fomu tu kinachotulazimisha.)

Mchangiaji wa pili
Nimefanya kazi masjala ya vizazi. Watu hudhani karani anathibitisha jinsia. Karani ananakili alichoandika mkunga, na mkunga kaangalia mara moja tu. Wapo watoto ambao maumbile yao hayasomeki upande wowote, huntha. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya 2019, wakawa 1,524. Hao wakija dirishani hawaji kubadili kitu, wanakuja kurekebisha kosa letu. Msiwaweke kapu moja na mada hii.

Mchangiaji wa tatu
Mimi naruhusu, ila upasuaji kwanza. La sivyo kila mtu ataamka asubuhi na jinsia mpya.

Mleta mada
Ndugu yangu, hilo lilijaribiwa. Sweden ilikuwa na sheria tangu 1972, na sharti mojawapo ni mtu aondolewe uwezo wa kuzaa. Wakalifuta 2013, kisha serikali ikawalipa fidia waliopitishwa huko. Japani nako Mahakama ya Juu ilikataa sharti kama hilo Oktoba 2023. Unamwambia mtu alete kizazi chake apewe karatasi! Hapo sitarudi nyuma hata hatua moja.

Upande mwingine, Argentina tangu 2012 inatosha mtu kutangaza mwenyewe. Ujerumani, kuanzia Novemba 2024, unatoa taarifa miezi mitatu kabla, kisha unatangaza kwa msajili. Hungaria ilifunga mlango 2020, Urusi 2023. Mimi nauona muda wa kungoja kama wa Ujerumani unatosha kumzuia anayefanya mzaha, bila kisu.

Mchangiaji wa nne
Kaka, wewe unaongelea karatasi, mimi naongelea mlango. Gereza la wanawake, nyumba ya waliokimbia kipigo. Aliyetangaza mwenyewe naye aingie? Uskoti walipitisha sheria ya kujitangaza Desemba 2022, kura 86 kwa 39, serikali ya Uingereza kule London ikaizuia mwezi uliofuata. Na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema kwamba katika Sheria ya Usawa ya 2010 mwanamke ni wa kimaumbile, hata mwingine awe na cheti kinachomtambua kuwa mwanamke. Majaji nao walikuwa na chuki?

Mleta mada
Hapana dada, na hofu yako si ya kuchekwa. Ila hukumu hiyo naiona inanisaidia: kumbe cheti kinaweza kubadilika na bado kila mlango ukawa na sheria yake.

Mchangiaji wa nne
Kama hakifungui milango, wanakitakia nini?

Mleta mada
Pensheni. Ndoa. Kutojieleza maisha yako yote mbele ya foleni kila unapodaiwa cheti.

Mchangiaji wa pili
Miaka yote niliyokaa masjala sijaona mtu aliyedaiwa cheti cha kuzaliwa mlangoni mwa choo.

Mchangiaji wa nne
Chooni, sawa. Gerezani ndipo karatasi husomwa kwanza, na hapo hamjanijibu.

Mleta mada
Kweli, sijajibu. Magereza yapangwe kwa kumpima mtu mmoja mmoja, si kwa cheti, kiwe cha zamani au kipya. Hilo nilipaswa kuliandika tangu mwanzo.