Siku moja Amani ukitokea Tanga: msitu kwanza au chai kwanza?

Mchagamoto
Wakuu, salaam. Tuko wanne, tuna Noah ya kawaida, siyo 4WD. Tunataka kutoka Tanga mjini asubuhi, tuone msitu wa Amani kule milima ya Usambara na mashamba ya chai, jioni turudi. Inawezekana? Tuanze wapi? Na kwa wasio na gari, basi linafaa?

Bondei_1
Inawezekana, ila muwe Muheza kabla ya saa moja asubuhi. Muheza hadi Amani ni kama kilomita 35 na sehemu kubwa ni vumbi. Hadi Sigi, geti la kuingilia hifadhi, njia ni ya kawaida. Kazi inaanza hapo, maana unapanda kutoka takriban mita 450 hadi karibu 900 kwa kona mfululizo. Kiangazi Noah inapanda. Masika, Machi hadi Mei, msijaribu: udongo mwekundu ukilowa unajaza meno ya tairi, gari linateleza kuelekea korongoni hata ukiwa mwendo wa kinyonga. Kushuka wekeni gia nzito, msikanyage breki muda wote. Zikianza kunuka, simameni zipoe.

Basi lisahauni kwa safari ya siku moja. Yale ya milimani hushuka Muheza alfajiri na kupanda mchana, kwa hiyo ukipanda nalo umelala huko. Bodaboda kutoka Muheza ndiyo mbadala. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.

Kipepeo Kijani
Msitu kwanza, bila ubishi. Ndege na mbega wanaonekana asubuhi, jua likipanda wanatulia. Lipieni getini (mfumo ni wa serikali, namba ya malipo, kwa hiyo simu iwe na salio) na mchukue mwongozaji hapo hapo. Pale Sigi ulizeni ua la Saintpaulia, lile la zambarau ambalo Wazungu wanalifuga dirishani. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya miaka ya 1890. Linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, majani yana manyoya, msiling'oe.

Juu mtaona msizi kila mahali, mti mrefu ulionyooka. Si wa msitu huu, uliletwa. Hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa, wanakula tunda na kutawanya mbegu, na palipofyekwa unawahi kuota kuliko miti ya asili. Mwongozaji asipowaonyesha, muulizeni.

Suruali ndani ya soksi. Siafu hawapigi hodi.

Mzee wa Jani
Bondei na Kipepeo wamesema vema, ila kama shida yenu ni kuona kiwanda cha chai kikifanya kazi, mpangilio unabadilika: chai kwanza. Jani linachumwa asubuhi, majani mawili na chipukizi, linapimwa, kisha linatandazwa linyauke kwa muda wa saa 12 hadi 18. Ndipo linasagwa. Kwa hiyo jani la leo mchana mtalikuta limelala tu kwenye matandazo. Mashine zinasaga la jana, mara nyingi usiku au asubuhi. Likishasagwa huachwa kwa muda wa saa moja hadi mbili libadilike kutoka kijani hadi rangi ya shaba, ndipo liingie kwenye kikaushio hadi unyevu ubaki asilimia 3 hivi. Kilo 4 na nusu za jani bichi zinatoa kama kilo moja ya chai kavu. Fundi akichelewa kulikausha, chai inapooza ladha, haina ule ukali.

Kiwanda ni mali ya mtu: pigeni simu siku kabla, msifike tu. Shambani piteni barabarani, msikatize mistari, na msitafune jani, huenda limepuliziwa dawa.

Mchagamoto
Asanteni wakuu. Mzee wa Jani, Jumapili je?

Mzee wa Jani
Msitu sawa, chai hapana. Wachumaji wakipumzika Jumapili, hata Jumatatu asubuhi kiwanda huwa hakina cha kusaga. Njooni Jumatano au Alhamisi, na saa kumi jioni muwe mmeanza kushuka.