Mabomba ya majitaka kwa kaya sitini, kweli ndiyo dawa?

Kamwene wandugu. Kwetu Kilolo, kijiji cha kaya kama sitini, zahanati na shule yenye bweni, mkutano umevunjika bila muafaka. Kundi moja linataka tuchange, tujenge mabwawa ya majitaka kama ya mjini na kila nyumba iunganishwe. La pili linasema vyoo vyetu vinatosha, tuache. Mimi napinga yote mawili.

Bomba la majitaka husukuma uchafu kwa maji. Nyumba nyingi kwetu zinachota kwa ndoo, choo ni cha shimo, maji ya vyombo yanamwagwa bustanini. Bomba litapitisha nini? Litaziba mapema, na wa kulizibua hatuna. Tena bakteria wanaosafisha maji bwawani hufanya kazi polepole kwenye baridi. Kwa Juni na Julai ya huku, bwawa litataka eneo kubwa. Shamba la nani litamegwa?

Lakini wanaosema tuache, waende nyuma ya bweni asubuhi. Karo limejaa, maji ya kijivu yenye povu yanapita chini ya uzio hadi kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni. Mama mdogo anachuma mboga palepale, miguu peku. Mayai ya minyoo hukaa udongoni miezi na miezi!

Tuanzie panapotoka maji mengi: bweni na zahanati. Karo la vyumba viwili, tope litulie humo, maji yaingie kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Yanapita ndani ya kokoto, hayatuami juu, mbu hapati pa kuzalia. Matete yamejaa bondeni, kokoto tunagonga wenyewe.

Mchangiaji, Makete: Dada, kwa mabomba nakuunga mkono. Ila tope umeliruka. Huku gari la kunyonya halipandi masika, tuliwahi kulichota kwa ndoo usiku tukalimwaga porini. Lako litakwenda wapi, nani atalipa? Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Mleta mada: Kaka, kwa tope umenishika, sikulipangia. Kitanda cha matete kitakaa juu, karibu na bweni, mteremko upo, mita 60 hatuzigusi. Tope litolewe kiangazi, mchana, watu wamevaa buti na glovu, likaushwe juu ya mchanga mbali na chemchemi. Alipe anayechafua, kanuni hiyo imo kwenye sheria hiyohiyo uliyoitaja. Mama anayetumia ndoo mbili kwa siku asiandikiwe mchango wa kusafisha maji ya bweni zima. Hapo sirudi nyuma. Wenye uzoefu wa kukausha tope kwenye baridi kama yetu, Njombe, Mufindi, Rungwe, lilichukua muda gani?